Sauti ya Fernand kwenye Kanda

Jumatatu, 14 Novemba 1983

Daktari kasema bila kuzunguka: uvimbe wa kooni lazima utolewe Jumatano ya wiki ijayo. Na sauti? Huenda ikabaki, huenda isibaki. Miaka yote hii naandika vitabuni kwamba nakala ya kitu imekimeza kitu chenyewe, kwamba tumebakiwa na picha tu. Paris nzima inanipigia makofi. Leo nimetoka hospitali nikiwachukia wote, nami nikiwemo.

Mama lazima aambiwe. Na mimi mwenyewe, ana kwa ana, nikiwa bado naweza kusema.

Ijumaa, 18 Novemba

Nimetoka kwenye televisheni — kile kipindi cha vitabu. Mtangazaji akaniuliza, kwa kejeli zake, kama niliyekaa pale ni mimi au ni picha yangu. Nikamjibu hakuna tofauti. Wakacheka sana. Mjinga mimi! Koo lilikuwa linawaka moto.

Jumamosi, 19 Novemba

Nimempigia Mama simu, kwake Reims, kumwambia kesho nakuja. Ya nini kujisumbua, anasema, jana si nimekuona kwenye televisheni? Umekonda, lakini umesema vizuri. Vitabu vyangu tisa hajafungua hata kimoja! Nimeng'ang'ania. Haya njoo, Fernand, anasema, ila kuku ni mdogo.

Jumapili, 20 Novemba

Mgomo wa treni, tena. Nimefika wameshakula. Dada yangu Solange kanifungulia mlango, kidole mdomoni kuniashiria nisipige kelele. Mumewe kanunua mashine ya video, kakirekodi kile kipindi, na tangu watoke kanisani Mama hataki kuangalia kitu kingine.

Yuko kwenye kiti chake, pua karibu iguse kioo cha televisheni. Mimi nimo humo ndani, na tai yangu, nasema hakuna tofauti. Nikambusu. Nikamwambia, Mama, nina jambo. Sauti ikatoka inakwaruza.

Hakugeuka. Alinishika mkono tu, akaubana.

"Nyamaza kidogo, mwanangu. Bado unaongea."

Naandika haya jikoni, mbele ya paja la kuku lililopoa. Maisha yangu yote nimetaka anisikilize. Sasa ananisikiliza, na mimi nimekaa huku! Nina hasira.

Treni ya kurudi ni saa moja. Kule sebuleni kimya — kanda imeisha. Nimesimama nikamwambie. Nimefika mlango wa sebuleni — hapana, nimerudi mezani. Mama anamwambia Solange airudishe mwanzo.