Bangili ya Mbithe na Chupa ya Kutekisi

Mpendwa mshauri Kavindu,

Nakuomba unishike mkono kabla sijafanya kitu cha kujutia, na tafadhali ufiche jina langu, maana hapa Mbumbuni tunajuana mpaka mbuzi. Binti yangu wa pili, Mbithe, anaolewa mwezi ujao na kijana wa Nyeri anayeitwa Githaiga, kijana mzuri, mbuzi aliwaleta na hawakuwa wembamba, kwa hivyo shida yangu si hiyo, shida yangu ni bangili ya marehemu mama yangu. Mama naye aliitwa Mbithe, binti alichukua jina lake, na ndiyo sababu baba yangu, Mzee Nzau, tangu msichana akiwa mtoto wa mgongoni humwita kiveti kyakwa, yaani mke wangu. Alipoambiwa msichana anaolewa alisema, “Sasa mke wangu ananiacha juu ya mtu mwenye meno yote,” tukacheka, halafu akasema asubuhi ya harusi, kabla hatujaenda kanisani, atamvisha yeye mwenyewe bangili ya nyanya yake, mbele ya wageni wa kwetu na wa Nyeri.

Lazima nikueleze hiyo bangili ilikotoka ndio uelewe kwa nini silali. Baba alikuwa kibarua kwenye kituo cha utafiti cha Kiboko na mama alibaki huku na shamba na sisi watoto, na baba alikuwa anakuja mwisho wa mwezi, sehemu kubwa ya njia kwa miguu, akijiwekea akiba ya baiskeli ambayo tulishaambiwa itakuwa nyeusi na itakuwa na kengele. Mwisho wa mwezi mmoja tukamwona anakuja kwa miguu bado, anatabasamu, akatoa kwenye koti bangili aliyouziwa na mchuuzi mwenye sanduku pale ambapo magari ya Mombasa husimama, akamwambia mama, “Mbithe, hii ni silva tupu. Baiskeli yangu yote iko kwa mkono wako.” Mama akaivaa, akaigeuza hivi na hivi, akasema, “Basi panda nikubebe.”

Hatukumwona akiivua tena. Alilima nayo, alisuka vyondo nayo, uzi wa mkonge ukipita juu yake siku nzima, na alipokoroga uji ilikuwa inagonga sufuria kli, kli, kli, nasi tulikuwa tunajua mama yuko wapi kwa hiyo sauti, tukiisikia inakaribia tunarudisha kopo la sukari mahali pake. Kanisani akiinua mkono kuimba ilikuwa inateleza mpaka karibu na kiwiko. Shangazi Kanyiva, dada yake baba, hakuwahi kuisamehe, kila akitutembelea alikuwa anaanza na, “Kaka yangu anavaa vumbi ndio mke avae silva,” na mama anamjibu, “Karibu chai, wifi, na hiyo vumbi nayo tutaikaribisha.”

Sijui kwa nini nakuandikia na hili, lakini nikikumbuka bangili nakumbuka pia mizigo ya baba ya mwisho wa mwezi, mkate, sukari, sabuni ya kipande, na mara kwa mara chupa ndogo ya kutekisi, ile ya maji isiyo na rangi, na hali mama hakuwahi kupaka kucha hata siku moja, kanisa letu lingemkalisha kikao. Mimi niliwahi kuiiba nikapaka zangu, mama akanichapa vizuri, “Hiyo si ya kucha, hiyo ni dawa ya mkono!” Siku nyingine kina mama wa kanisa walikuja kusali wakaiona dirishani, mmoja akauliza kwa sauti ya kikao, “Mbithe, hii kutekisi ni ya nani?” Mama akasema, “Ni ya bwanangu.” Walicheka mpaka chai ikapoa, na mpaka leo wapo wanaomtazama baba vidole.

Sasa mama hayuko, na bangili imekaa miaka kwenye kopo chini ya kitanda cha baba, imeviringishwa kitambaa na kufungwa na kamba ya tyubu, pamoja na chupa moja ya hiyo kutekisi iliyokaukia ndani. Majuzi akanipa akasema, “Isafishe taratibu, kwa kitambaa. Kwa fundi haiendi, mafundi wana mdomo. Ukimaliza uniletee, nitaimalizia mwenyewe.” Nilipoifungua ilikuwa nyeusi kama chungu, nikaona kitambaa kitafanya nini hapa, nikachukua jivu na waya wa sufuria kama nilivyofundishwa, nikasugua, weusi ukatoka, nikafurahi, nikaongeza nguvu, halafu nikaona umanjano. Nikadhani ni jivu. Nikaosha. Umanjano uko pale pale, hasa kwenye mstari mmoja upande wa juu, na upande wa ndani karibu wote.

Kesho yake nikajificha kwenye mtandio nikaenda mjini Wote kwa fundi wa saa na mikufu. Akaipindua, akaipiga kucha, akaniuliza, “Mama, nani alikuambia hii ni silva? Hii ni shaba ya manjano iliyopakwa silva juu. Imeisha.” Nikamwambia labda ni mimi nimeiharibu. Akasema, “Wewe umeikwaruza. Shaba ilikuwa shaba hata kabla hujazaliwa.” Akaniambia anaweza kuituma Nairobi ichovywe upya, irudi imeng'aa kama juzi imetoka dukani, na hakuna atakayejua.

Mshauri, nifanye nini? Nikimwambia baba, nitakuwa nimemwambia kwamba alidanganywa barabarani, kwamba baiskeli yake ilienda kwa shaba, na yeye hana kitu kingine cha mama isipokuwa hicho, tena kila jioni huwasimulia wajukuu ile silva tupu yake. Nikinyamaza nikampa ilivyo, ataona umanjano mbele ya wakwe, na kama yeye hataona, shangazi Kanyiva atakuja na miwani yake miwili, ya kusoma na ya kutafuta makosa. Nikiituma Nairobi kisiri, naogopa, sijui naogopa nini, nikiishika nahisi kama nataka kumnawisha mama uso ili asifanane tena na yeye mwenyewe. Nisaidie.

Mwenye Bangili, Mbumbuni

*

Mwenye Bangili,

Pole. Majina yote nimeyabadilisha, kwa sababu uliniomba nifiche lako halafu ukaniandikia ya ukoo mzima.

Tuanze na makosa tuyamalize. Jivu, mama? Na waya? Mzee amekuambia kitambaa, kwa Kiswahili cha kueleweka, nawe ukaona anakuonea huruma. Ninajua ulikotoa tabia hiyo. Nami nimelelewa Kanyangi, ambapo mke alipimwa kwa sufuria zake zilizoanikwa juani, na mama mkwe alikuwa anajitazama kwenye kifuniko kabla ya kusalimia. Lakini sufuria ni alumini mpaka katikati: ukisugua unakutana na alumini nyingine. Bangili yako ina ngozi tu ya fedha, nyembamba kuliko ile ya kitunguu, na ukiibandua hakuna nyingine chini yake. Wenye vijiko vya wageni na mabirika ya harusi ya namna hiyo nao wasikie, na wale wanaosugua kwa dawa ya meno wasijifanye hawahusiki. Dawa ya meno ina mchanga wake. Na hiyo kamba ya tyubu itupe leo. Mpira ndio unaoila fedha ikawa nyeusi, pengine kuliko miaka yenyewe.

Weusi uliobaki utautoa hivi. Chukua sufuria moja ya alumini, ile unayoringia. Mimina maji ya moto, tia vijiko viwili vya bekingi soda, bangili ilale iguse kabisa chini ya sufuria. Utasikia harufu kama ya yai lililosahauliwa. Usikimbie, ndiyo kazi inafanyika. Dakika chache tu, itoe, isuuze, ikaushe na fulana ya pamba iliyochakaa. Sufuria itachukua weusi wote wa bangili. Utaisugua sufuria kwa jivu mpaka roho itulie. Ndani ya bangili, kama kuna vipande vya kutekisi ya zamani vinavyobanduka, vifute kwa pamba na ile dawa ya kutolea kutekisi. Weka akilini kwamba hii yote inaondoa weusi, hairudishi fedha iliyoondoka. Umanjano utabaki.

Na ubaki. Nairobi haiendi. Fundi wako hakukosea, ila hakukuambia kwamba kabla ya kuchovya watailainisha bangili kwa mashine mpaka isiwe na alama hata moja. Huo mstari wa manjano upande wa juu, uliouona ukashtuka, ni njia ya uzi wa mkonge. Ni vyondo vyote ambavyo mama yako alisuka, vingine pengine ndivyo vilivyokununulia daftari za kuandikia barua ndefu namna hii. Unataka kumlipa mtu aufute? Ulisema unaogopa na hujui unaogopa nini. Ulijua, ukaandika habari ya kumnawisha mama uso, ukapita.

Sasa lile jambo kubwa linalokunyima usingizi. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu mpaka kuku wakatoka jikoni. Wewe unaogopa kumwambia baba yako. Hebu keti.

Bangili ya namna hii ikivaliwa kila siku, fedha huisha kwanza kwa ndani, shaba ikagusana na jasho, na mkono unaingia kijani. Mwanamke anayelima na bangili yake anaweza kuuona huo ukijani kabla mwaka haujaisha. Na dawa yake ni ya zamani, wanawake wengi wanaijua: unapaka kutekisi ya maji upande wa ndani, inakauka, unavaa. Ikibanduka unapaka tena. Mama yako alikuambia waziwazi kwamba ile chupa si ya kucha, ni dawa ya mkono, na wewe ukakumbuka kiboko ukasahau maneno.

Kwa hivyo mama yako alijua. Alijua wewe ukiwa bado unaiba sukari, akaendelea kuinua huo mkono kanisani, na akaendelea kumkaribisha wifi chai.

Na chupa ilitoka wapi? Haikununuliwa Mbumbuni. Ilikuja kutoka Kiboko, kwenye koti la mwanaume, katikati ya mkate na sabuni. Ni nani, mzee wa shamba, kibarua, mshirika wa kanisa, angesimama dukani mbele ya watu aagize kutekisi, mwaka baada ya mwaka, kama hajui inaenda kufanya kazi gani? Kina mama walicheka mama yako aliposema ni ya bwanake. Yeye hakuwa anachekesha. Alikuwa amejibu swali.

Ndiyo maana mzee alisema mafundi wana mdomo. Ndiyo maana alisema ataimalizia mwenyewe. Wewe unamficha baba yako habari ambayo yeye amekuficha wewe tangu ukiwa mtoto. Kama wao wawili waliwahi kuizungumza, mimi sijui, nawe usitafute kujua. Huenda siku moja jikoni walitazamana tu. Hiyo silva tupu anayowasimulia wajukuu si uongo wa mchuuzi tena, ni yao wenyewe, waliipaka mara nyingi kuliko kiwanda.

Shangazi Kanyiva mkaribishe, mketishe mbele, mpe soda baridi na mpe kiti chenye jua machoni. Kuhusu wakwe wa Nyeri, usijisumbue. Siku hiyo Githaiga atakuwa anatazama mkono. Akitazama bangili, mrudishieni mbuzi wake. Binti mwambie habari ya uzi wa mkonge, hiyo inamtosha kwa sasa. Ya kutekisi ataijua mwenyewe mkono ukianza kubadilika, na akija kukuuliza, utakuwa na la kumwambia.

Basi ukishaisafisha, iviringishe kwenye kitambaa kikavu, pita dukani, ununue chupa ndogo ya kutekisi ya maji, isiyo na rangi. Mpelekee mzee vyote viwili, uviweke mezani kando kwa kando. Usiseme neno juu yake, na usimtazame usoni, maana wewe ni mtu wa machozi, nimekuona kwenye maandishi. Mwambie unaenda kuweka chai, halafu uende kweli. Usichungulie mlangoni. Harufu ya kutekisi ni kali, akianza kupaka itakufikia huko jikoni.

Ikikufikia, mimina chai.

Kavindu