Kugeuka Juu ya Kamanyola

Lubumbashi, Jumapili mchana

Mama Neema, mke wangu,

Umeamkaje huko Nyalukemba? Goti linakuruhusu kupanda ngazi za kanisa? Mimi mwili ni mzima. Nyumba ndiyo iliyo kimya mno. Nawasha redio ili pawe na mtu anayesema.

Nasikia jamaa wanamlaumu Mama Riziki, mwanafunzi wangu aliyekuwa akinileta huko kwenye sherehe ya mahari ya Neema kwa ndege yake ndogo. Ati aliogopa, ndiyo maana sikufika. Hawajui yaliyotokea, na wewe sikukwambia yote kwenye simu.

Unajua ninavyowafundisha marubani: kabla ya kuwasha mota, andika mahali utakapogeukia, maana ukiwa angani hamu ya kufika ndiyo inayokuamulia. Yeye aliandika: "Nikifika Kamanyola nisiuone mlima wa Ngomo, narudi." Nilitia sahihi.

Tulipofika Kamanyola, Ngomo ilikuwa imezibwa na mawingu.

"Papa, narudi," alisema.

"Ngoja kidogo. Hii njia najua tangu utoto."

"Unajua ya chini. Ya huku juu iko na mawingu."

"Ni dakika kumi tu, mama. Mutoto wangu ananingoja."

Akaanza kugeuza. Hapo, mke wangu, niliushika usukani. Mimi, niliyeeleza miaka yote kwamba ndani ya wingu masikio yanadanganya, mtu asijue kama anapanda au anaanguka, na mlima uko mbele yake.

Hakupandisha sauti. "Toa mukono, papa. Piloti ni miye."

Niliutoa.

Uvira, uwanja wa karibu, hatukuwa na ruhusa ya kutua, basi tukarudi hadi Kalemie. Sherehe ya mahari ya binti yetu niliisikiliza kwenye simu, nimeketi na suti yangu kwenye kiti cha plastiki kando ya uwanja. Vigelegele vilipoanza, mtandao ukakatika.

Neema akiuliza kwa nini baba yake mdogo ndiye aliyewapokea wakwe, usimwambie ni mawingu. Mwambie nilitaka kufika kuliko nilivyotaka kufika mzima, na kwamba mwanamke mmoja alikataa kunitii. Darasani nimekwisha kulisema hilo. Hakuna aliyecheka.

Nisalimie mdogo wangu, umshukuru kwa kusimama mahali pangu, na dada yangu wa Muhumba aliyepika siku mbili. Mama Riziki anadhani umemkasirikia. Mwandikie wewe. Mimi bado nashindwa kumtazama usoni.

Mumeo aliye mbali,
Papa Neema