Alama Nne za Barabara ya Mwimbi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Naingiza kwenye kompyuta alama ambazo kila barabara imepata. Moja ni mbovu kabisa, tano ni nzuri. Mfumo utapanga wenyewe ipi ianze kutengenezwa. Orodha inafungwa Ijumaa. Barabara ya Mwimbi imepata nne. Nne! Mwezi jana tulikwama pale saa tatu nzima. Aliyepima ni Nestory, mpimaji wetu.

Jumanne, 5 Machi

Ya Mwazye imepata moja. Mwazye ndiko kwao Nestory. Sipendi. Nimemuuliza kama kweli alifika Mwimbi au alijaza fomu mezani. Akasema alifika, akacheka. Miaka miwili nimeujenga mfumo huu ili barabara zisitengenezwe kwa kujuana. Na adui yuko meza ya pili.

Jumatano, 6 Machi

Nimemchunguza siku nzima. Simu anapokelea nje. Picha zake za Mwimbi hazina shimo hata moja. Bila shaka kazipiga kwingine. Mchana nimemwambia bosi yote. Papo hapo akamwondoa kwenye upimaji. Nestory hakujitetea, akaziweka fomu zake mezani kwangu. Lisemwalo lipo, nikajiambia.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda Mwimbi mwenyewe. Mashimo yale yale, yamejaa maji. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa akipalilia ulezi. Nikamwamkia, nikamuuliza kama mpimaji wetu alifika.

"Alifika, mwanangu. Tulisikia wageni wa barabara wanakuja, tukafukia mashimo yote, kama tunavyofanya askofu akija kwa kipaimara. Mgeni hapitishwi kwenye matope. Mvua ikaja kusomba udongo baadaye."

Akasema binti yake alijifungulia njiani, gari la wagonjwa limenasa. Akauliza kama walifanya vizuri kufukia.

Ijumaa, 8 Machi

Mwimbi nimeipa moja. Picha za Mwazye nimezirudia zote. Ni mbovu kweli. Kwenye fomu nimeongeza swali: wanakijiji wamefukia mashimo lini? Orodha imekwenda.

Bosi nimemwambia nilikosea. Akasema sawa, ila nafasi ya Nestory ameshapewa mwingine.

Nilikwenda mezani kwa Nestory kuomba radhi. Akasimama. Akasema yamekwisha, mhandisi. Hadi juzi alikuwa ananiita dada.