Chumvichumvi Shambani Kwako

Mama, kamwene, nakusalimu.

Mwaka huu lori la mbolea limechelewa, na mahindi ya kijiji kizima yamekuwa ya njano. Ungekuwepo ungetucheka mpaka ujifute machozi kwa kanga.

Nakumbuka siku bwana shamba alipotuletea ile mifuko hapa kijiji cha ujamaa, akasema ni mbolea ya chumvichumvi. Ulisimama mbele ya watu wote. "Chumvi? Si ndiyo tunamwaga uani majani yasiote? Mwanangu, unataka kutuua na njaa?" Watu walivunjika mbavu, bwana shamba naye akacheka. Mfuko wako uliukataa katakata. Wewe na samadi yako! Asubuhi na mapema ulinibebesha kapu linalovuja, ukinihimiza nyuma, "Tembea, haiumi hiyo." Nimelikumbuka hata lile kapu, mama.

Basi nisikilize. Ule mfuko niliuchukua mimi. Ng'ombe walikuwa wamebaki wawili, samadi haikutosha, nawe hukutaka kusikia. Niliogopa njaa. Kila ulipokwenda kilabuni kunywa ulanzi, niliingia shambani na kizibo cha soda, nikafukia kizibo kimoja cha ile mbolea kila shina.

Mahindi yalikuja mpaka wapita njia wakasimama kuyatazama. Uliringa, mama! Majirani wakaja kuomba samadi, ukagawa kwa mikono miwili, hata kama yako ilibaki kidogo. Nilitaka kukwambia. Nilikuona ulivyofurahi, nikashindwa.

Mama mdogo aliuacha mfuko wake, akachukua makapu matano, na mahindi yake yakatoka membamba. Ukamsema mbele za watu kwamba ni mzembe, ameiacha samadi ikakaukia juani. Mdogo wako wa tumbo moja. Hamkusalimiana tena mpaka unaondoka. Msibani alikaa nje kwenye kuni, hakuingia kukuaga. Nilimwona. Nikanyamaza tena. Hilo ndilo linalonila.

Jana nilikwenda kwake nikamweleza yote, tangu mfuko mpaka kizibo. Nilidhani atanifukuza. Alikaa chini kwenye maganda ya mahindi, akalia.

"Mimi nilimwamini dada," akasema. "Miaka yote hii najiona mvivu."

Nilimshika mikono, mama. Ina sugu kama yako.

Nimeahidi mbele yake, naahidi na kwako: nitayasema haya mkutanoni, mbele ya walewale waliosikia akisemwa. Na Jumapili nitamleta kaburini. Nitakaa kando, aseme na wewe yote aliyoyaweka moyoni. Akimaliza, kama una hasira, usimgombeze yeye. Nigombeze mimi.

Pumzika, mama.

Mwanao