Chama Kisichotaka Wazee

Malvern, Toronto
Aprili 1990

Mdogo wangu Selemani, balozi wa nyumba kumi,

Hamjambo hapo nyumbani? Huku theluji bado inadondoka. Jana nilikuwa kwa jirani yetu, Bibi Ilona wa Hungaria, aliyekuwa amekaa kando ya simu tangu asubuhi akingoja matokeo. Mjukuu wake Kati anagombea ubunge kwao kwa tiketi ya chama kipya cha vijana wa kiliberali. Kwa mazoea ya chama kimoja nikauliza, "Alama yake jembe au nyumba?"

"Chungwa!"

Kumbe vyama ni vingi, na hiki hakipokei aliyepita miaka thelathini na mitano! "Hata mimi bibi yao wamenikataa," alisema kwa maringo, akinimegea keki.

Simu ikalia. Akasikiliza, akapiga ukelele, akanikumbatia tukaanguka kochini. Kati kapita! Akafungua dirisha: "Mjukuu wangu mbunge!"

"Hongera, mama," akajibu mtu chini, "sasa funga, utaugua!"

Mimi na wewe kwa umri wetu tungebaki nje tukipiga makofi. Basi nimeyapiga mpaka viganja vimewaka. Nibusie watoto, na yule binti yako anayebishia kila kitu, mwache abishe.

Kaka yako akupendaye,
Hamisi