Maua ya Tope na Bomba la Uani

Shangazi mpendwa, nakusihi wewe na wasomaji wako, neno hata moja lisitoke hapa, maana ofisini kwetu gazeti hili linapita mikono yote. Mimi ni karani, bado kijana. Walipofukia mtaro wa jirani wapate maegesho, niliokoa maua ya porini yaliyoota mle, ya zambarau, yanayopenda tope, nikayapanda nyuma ya ofisi, na kwa kuwa udongo wa pale hukauka upesi, kila asubuhi nalegeza kidogo bomba la uani, na Shangazi, ungeona nyuki wanavyojaa, na vipepeo, hata chiriku wanakuja kudonoa mbegu, lakini bosi ameona maji yanatiririka, akamwita mzee wetu wa usafi mbele ya wote: “Kufunga bomba tu kumekushinda? Ijumaa ukabidhi funguo!” Mzee akasema, “Mwanangu, mimi nafunga.” Watu wakacheka. Mimi nikainama kama natafuta kalamu. Nikisema, nitafukuzwa, nikinyamaza, atafukuzwa yeye, bomba likifungwa, maua yatakufa. Nifanyeje?

Karani, pole. Pole hiyo ni ya maua. Wewe sijaona cha kukuonea huruma. Ulijua ua linataka tope, hukujua mzee anataka kula? Nyuki wamepata mtetezi msomi, mtu mzima anayekufutia meza amepata kisogo chako. Hongera!

Na bustani yenyewe umeikosea. Maji yanayotiririka yanapita tu. Chimba shimo, tandika nailoni yenye matundu machache, rudishia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, funika kwa majani makavu, kisha elekeza hapo maji ya paa. Kiangazi ongeza ndoo. Bomba liache.

Lakini hayo baadaye. Kesho simama palepale mzee alipotukanwa, watu wakiwepo, useme: “Bomba nalilegeza mimi.” Usiniletee habari za “kuna mtu analilegeza.” Umwombe mzee radhi, ndipo umwombe bosi kile kipande cha ardhi. Akikataa, hamisha maua kwenu na tope lake. Akikufukuza, angalau atakuwa amemfukuza mwenye kosa.

Namba yangu iko juu ya ukurasa huu, na asubuhi nipo mezani. Usipige ukiwa peke yako. Nipigie mzee akiwa kando yako, na simu umpe yeye kwanza.