Chumvi ya Bonde la Luzira

Kimilili, 9 Januari 1995

Mwanangu Sylvanus,

Mulembe. Natumaini u mzima huko Luzira, Kampala, na kikohozi kimekuachia. Sisi huku tu wazima, ila goti langu linanikumbusha umri kila asubuhi.

Nina habari ya furaha. Siku niliyoondoka kwako, ulipokuwa kazini, nilijichukulia gunia la ile mimea mikavu mliyoirundika nyuma ya kambi. Nilionja jani, chumvi tele! Nikacheka: mwanangu analipwa kupanda magugu, kumbe ni mali. Nimeichoma hapa, majivu nikayachuja kwa maji kwenye chungu chenye matundu, kama mama alivyonifunza. Kunde zinalainika hata asiye na meno anakula.

Nimempelekea shangazi yako Nakhisa chupa nzima. Unajua tangu tumzike baba yako hajakanyaga kwangu, akisema mimi ndiye niliyemtilia kaka yake kitu katika chakula. Chumvi yangu ameipokea kwa mikono miwili. Sylvanus, nililia. Kwetu mtu akipokea chumvi yako, ugomvi umekwisha.

Ni mimi mama yako,
Teresa

Luzira, 17 Januari 1995

Mama mpendwa,

Mulembe, na pole kwa goti. Mimi mzima, lakini barua yako imenimaliza nguvu.

Tafadhali usile chumvi hiyo tena. Juu ya bonde letu palikuwa na kiwanda cha ngozi. Ngozi mbichi walizitia chumvi zisioze, kisha wakazilainisha kwa dawa kali, na maji yote wakayaachia yateremke. Udongo ukafa, visima vikaharibika. Mimea tunayopanda huvumilia chumvi. Mizizi yake huinyonya pamoja na hizo dawa, ardhi ikapona polepole. Tukiivuna tunaizika kwenye shimo la saruji, hata mbuzi haruhusiwi kuigusa.

Nilimweleza msimamizi wetu, Mzee Obwona, askari mstaafu. Alishika kichwa: "Silvano, hiyo majani iko na sumu! Mama alikula? Andika barua leo leo!"

Haiui kwa siku moja, mama. Inakaa mwilini na kuharibu figo taratibu. Shangazi aache mara moja. Najua neno sumu litamfufulia nini. Mwambie tu imeharibika. Chupa usizimwage mtoni, nitakuja kuzichukua.

Mwanao,
Sylvanus

Luzira, 7 Februari 1995

Mama,

Hujambo? Dereva wa basi anaapa alikukabidhi barua mkononi. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, nami nauogopa huo mshindo. Shangazi ameacha? Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao,
Sylvanus

Kimilili, 20 Februari 1995

Mwanangu,

Mulembe. Barua zote mbili zilifika. Mimi sijambo.

Chupa zangu nilizifunga siku ile ile. Kwa Nakhisa ndiko miguu ilikogoma kwenda. Ulitaka niseme imeharibika, lakini chumvi haiozi, na Nakhisa si mtoto. Kila siku niliuona moshi wa jiko lake, nikijua anapika nini, na bado nikakaa. Aibu hiyo ni yangu. Laiti ningekuuliza kabla ya kubeba gunia. Kuuliza si ujinga.

Jumamosi nilikwenda. Nilimkuta anaepua kunde. Nikamwambia yote, kiwanda, mimea, sumu. Akapiga yowe: "Kaka yangu ulimmaliza, sasa umenifikia mimi!" Majirani wakajaa mlangoni. Nikanawa mikono, nikaketi, nikakivuta chungu, nikaanza kula.

Alinitazama. Nikatia tonge jingine. Akaupiga mkono wangu, kunde zikamwagika. "Wacha, Teresa! Wacha!" Kisha mwenyewe akaileta ile chupa, imebaki nusu, akaiweka miguuni pangu.

Usinikasirikie, mwanangu. Najua ulinikataza, na Mzee Obwona atashika kichwa tena. Chupa zote ziko kwangu, zimefungwa, njoo uzichukue.

Siku hiyo hatukula kitu kingine. Majirani walipoondoka tulikaa mlangoni pake, na Nakhisa akaniuliza kaka yake alikufaje. Nikamsimulia tangu homa ya kwanza. Miaka yote hii, Sylvanus, hakuwa ameniuliza.

Mama yako,
Teresa